Tanki, bomba na kainzi ka ndizi: hotuba yangu kwa vijana wa baiolojia, nimeiandika kama nilivyoongea

Shikamooni walimu wangu, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Itifaki nadhani imezingatiwa maana MC ameshaimaliza yote, mimi sitaongeza kitu hapo. Naona feni inazunguka ila hewa haitoki, na mkono wangu umeshalowa jasho kabla sijaanza, kwa hiyo mada ya leo imejipanga yenyewe. Tunaongelea joto.

Hapa mezani nimeweka vichupa viwili, mmeviona? Kila kimoja kina inzi ishirini, majike kumi na madume kumi, umri mmoja, chakula kimoja. Jana jioni kimoja nilikichovya kwenye bakuli la maji ya nyuzi 37 kwa saa nzima, nimekaa na kipimajoto naongeza maji ya chupa ya chai kidogo kidogo, mke wangu ananiangalia tu. Kingine kilikaa kivulini. Sitawaambia kipi ni kipi. Tutarudi.

Kwanza tuelewane ni inzi yupi, maana ukisema inzi wa matunda hapa kwetu mkulima anakuelewa vingine kabisa. Wakulima wa maembe wana kilio na yule mkubwa mkubwa, Bactrocera, anayetoboa embe likiwa bado mtini halafu unakata unakuta funza, yule aligunduliwa Kenya mwaka 2003 akitokea Asia na hasara yake mnaijua. Simuongelei huyo. Mimi naongelea kale kadogo ka milimita mbili na nusu hivi, macho mekundu, kanakozunguka ndizi zikishaiva sana jikoni au glasi ya juisi ukiisahau. Drosophila melanogaster. Kenyewe hakana shida na embe zima, kanafuata chachu kwenye tunda lililoanza kuchacha. Haka ndo kamebeba nusu ya baiolojia ya karne iliyopita mgongoni, tangu Thomas Hunt Morgan aone dume la macho meupe kwenye chupa zake New York mwaka 1910.

Mimi habari ya joto na homoni sikuianza kwa kusoma, niliianza kwa hasara. Nilikua mwanafunzi, maabara siitaji, tuna inkubeta, lile kabati la kutunza joto, imeseti nyuzi 25, na 25 ndo joto inzi hawa wanalipenda, yai linakua inzi mzima kwa siku kumi tu. Usiku mmoja thamostati ikaganda. Asubuhi naingia nasoma 36. Nikajua wamekufa wote, naangalia, wachache wako chali ila wengi wazima kabisa wanatembea ukutani kwa kichupa kama hakuna kilichotokea. Nikashukuru Mungu nikaendelea na kazi. Kazi yangu ilikua kuhesabu mayai, unampa jike kisahani cha agari, ile jeli ya maabara, yenye juisi ya zabibu, kesho yake unahesabu chini ya hadubini, jike wa umri ule alikua ananipa kama hamsini kwa siku. Siku ile nahesabu, nne. Kisahani kingine sifuri. Kingine sifuri. Nikadhani nimesahau kuweka hamira.

Msimamizi wangu akaniambia wapasue uangalie. Kumpasua inzi sio mambo makubwa, unashika kifua kwa koleo moja na ncha ya tumbo kwa koleo nyingine unavuta taratibu, ovari zinatoka zenyewe mbili, nyeupe, na ukiziona mara ya kwanza utasema ni vichane viwili vya ndizi, kweli tena, kila kichane kina mirija kama 16 hadi 20 na ndani ya kila mrija mayai yamejipanga foleni madogo juu makubwa chini. Yale ya chini yalikua yameiva, tayari kabisa, yamejaa mpaka yanabanana. Alikua nayo! Hakuyatoa tu. Na katikati ya foleni kulikua na pengo, mayai ya umri wa kati hayapo, yameoza yamebaki mabaki mabaki.

Sasa hilo pengo na huo msongamano wa chini ndo hotuba yangu nzima, mengine yote ni maelezo.

Watu walianza kujua habari za joto na inzi kwa ajali kama yangu ila wao walikua na akili zaidi. Ferruccio Ritossa, Mwitaliano, yuko Naples, mtu fulani maabara akabadilisha joto la inkubeta bila kumwambia, yeye anaangalia kromosomu kubwa za kwenye tezi za mate za mabuu anaona zimevimba sehemu ambazo kwa kawaida hazivimbi. Badala ya kugomba akauliza kwa nini. Akachapisha 1962, baada ya jarida moja kubwa kumkatalia kwamba jambo lenyewe halina umuhimu. Miaka 12 baadaye, 1974, ndo ikaonekana kwamba zile sehemu zilizovimba zinatengeneza protini maalum, zile tunaita protini za mshtuko wa joto, na leo hata kwako wewe ziko, kwenye mhogo ziko, kwenye bakteria ziko. Hizo ni kama fundi wa dharura, protini zingine zikikunjika vibaya kwa joto zinakuja kunyoosha.

Lakini fundi wa dharura anaokoa seli. Haelezi kwa nini jike mzima, anayetembea, anakataa kutaga. Hapo lazima uende kwenye homoni.

Mdudu ana homoni mbili kubwa ambazo lazima mzijue leo. Ya kwanza inaitwa kwa Kiswahili changu homoni ya utoto, kwa sababu kazi yake ya kwanza kugunduliwa ilikua kumzuia bwana mdogo asikue haraka. Huyo aliyeigundua, Vincent Wigglesworth wa London, miaka ya 1930, alikua anafuga mdudu mnyonya damu wa Amerika Kusini na kumkata kichwa, na mdudu anaendelea kuishi miezi bila kichwa (msiniulize maadili, ni wadudu), kwa kuchagua akate kichwa siku gani akajua kuna kitu kinatoka huko juu kinasema bado, subiri. Ya pili ni ekdisoni, hii ndo inasema badilika, vua ngozi. Ekdisoni Wajerumani wawili, Butenandt na Karlson, waliipata safi mwaka 1954 kutoka kwa mabuu ya nondo wa hariri yaliyojifunga, wakatumia kilo 500 za hao wadudu wakapata miligramu 25. Nusu tani! Ukipima miligramu 25 ni kama punje moja ya mchele.

Sasa mkisoma vitabu vya sekondari mnaishia hapo, utoto na kubadilika. Kumbe inzi akishakua mtu mzima homoni zile zile hazistaafu, zinapewa kazi nyingine. Kwa jike, homoni ya utoto inasukuma mayai yajaze kiini, na ekdisoni, ambayo sasa inatengenezwa kwenye ovari zenyewe, ipo hapo hapo inacheza na mwenzake. Yai la inzi lina hatua 14. Kiini kinaanza kuingia hatua ya 8. Hapo kwenye ya 8 na ya 9 kuna kama geti la ukaguzi, kama homoni ya utoto iko ya kutosha yai linapita, ekdisoni ikizidi yai linauawa na vifaa vyake vinarudi kwa mama. Inzi akilala njaa mayai yanafia hapo hapo getini. Joto pia, hapo hapo. Lile pengo langu la katikati ya foleni, ndo hilo geti.

Sasa hapa naomba msilale maana ndo penye utamu. Mtu akisikia homoni imepanda, moja kwa moja anasema mwili umetengeneza nyingi. Nyinyi nyote hapa mna tanki la maji juu ya paa nyumbani au kwa jirani. Maji yakipanda kwenye tanki kuna njia mbili, ama DAWASA leo wametoa maji kwa nguvu, ama chini umefunga bomba hakuna anayetumia. Kwa macho huwezi kujua ni ipi, tanki limejaa tu. Homoni ni hivyo hivyo. Kuna tezi inaijaza na kuna enzaimu, zile protini za kufanya kazi za kikemia mwilini, zinazoivunja, na homoni ya utoto ina enzaimu zake mbili kuu za kuivunja, moja inakata upande huu nyingine upande ule. Sisi wanafunzi tumefundishwa kuangalia juu, nani anajaza. Huko chini kwenye bomba la kutolea hatuangalii kabisa, na mimi naona hilo ni kosa la ufundishaji, samahanini walimu wangu.

Walioangalia bomba la chini ni watu wa Siberia. Novosibirsk, kwenye taasisi ya saitolojia (elimu ya seli) na jenetiki, taasisi hiyo hiyo ambayo mkurugenzi wake Dmitry Belyaev alianzisha mwaka 1959 jaribio la kufuga mbweha mpaka wakawa wanatikisa mkia kama mbwa, mmeona video zake. Taasisi ina mbweha maarufu na kwenye vyumba vya maabara kuna mama mmoja, Inga Rauschenbach, na baadaye Nataly Gruntenko na wenzao, wanachoma inzi joto miaka na miaka. Nje theluji, baridi ya kupasua midomo, ndani inzi wako nyuzi 38. Mimi hiyo picha huwa inanichekesha sana.

Na namna walivyopima naipenda kuliko matokeo yenyewe. Unachukua inzi mmoja. Mmoja, sio gunia la nusu tani. Unamgandisha, unamsaga kwenye kichupa kidogo kuliko kofia ya kalamu, na maji yake ya chumvi, unazungusha kwenye mashine takataka zinatuama chini unabaki na tone safi lenye enzaimu zake. Kwenye tone hilo unatia homoni ya utoto uliyoitia alama ya mionzi, unaacha kidogo enzaimu zile zifanye kazi. Halafu unamwagia heptani, ni kimiminika cha jamii ya petroli, unatikisa, vinajitenga kama mafuta na maji kwenye mchuzi uliopoa. Homoni ambayo bado nzima inapanda juu kwenye heptani kwa sababu inapenda mafuta, ile iliyovunjwa inabaki chini kwenye maji. Unapima mionzi ya chini, umeshajua inzi huyo mmoja, mwenye miguu sita na maisha yake, anavunja homoni kwa kasi gani. Mtu akiniambia sayansi haina ushairi namtumia hiyo.

Matokeo? Jike akipigwa nyuzi 38, uvunjaji wa homoni ya utoto unashuka. Bomba linafungwa. Homoni inapanda. Na ekdisoni nayo inapanda, na ekdisoni ikishapanda mnajua geti linafanya nini.

Kijana pale nyuma namuona amekunja uso, na yuko sahihi, swali lake ni kwamba si umesema homoni ya utoto inasaidia mayai, sasa imepanda mbona mayai yanakufa? Hata mimi liliniumiza kichwa. Jibu ni kwamba geti halisomi homoni moja, linasoma mizani ya zote mbili, na wale wa Novosibirsk wao wanaona ni mnyororo, ya kwanza ikipanda inaivuta ya pili ipande, na ya pili ikizidi ndo inaharibu mayai machanga, na yale yaliyokwisha kuiva yanashikiliwa ndani hayatagwi. Kuua ya kati, kushika ya mwisho. Nendeni mkaangalie tena picha ya vichane vyangu vya ndizi.

Nani anafunga bomba? Hapo juu kuna wakubwa wawili, kemikali za kupeleka taarifa kwenye neva. Mmoja ni dopamini, najua mnaijua kutoka TikTok mnavyosema simu inawapa dopamini, basi inzi naye anayo. Mwingine ni oktopamini, hii ndo kama noradrenalini ya mdudu, ya mapigo ya moyo na kukimbia, na jina lake limetoka kwa pweza, Mwitaliano Vittorio Erspamer aliipata kwenye tezi za mate za pweza, huyo huyo wa supu. Joto likipiga zote mbili zinapanda, na inzi wenye mabadiliko ya jeni wasioweza kutengeneza oktopamini hawaitikii joto kwa namna ile ile upande wa kuvunja homoni, kwa hiyo hawa wakubwa kweli wana mkono wao. Ila cheki hii. Enzaimu inayoanzisha kazi ya kutengeneza oktopamini, joto likipiga kasi yake inashuka. Inashuka! Na oktopamini ndani ya mwili inapanda. Ukiangalia bomba la juu peke yake hapo utasema vipimo vimekosewa, utarudia jaribio mara tatu utagombana na fundi wa maabara bure. Tanki jamani, tanki. Siku hizi wanaongeza pia njia ya insulini, kwamba nayo inaingia kwenye kuamua homoni ya utoto na dopamini vikae wapi wakati wa joto, ila hiyo nikiifungua hapa tutatoka saa mbili usiku.

Ushahidi ulionikaa mimi zaidi ni wa makundi mawili ya binamu yake mkubwa, Drosophila virilis, pale pale Novosibirsk, wameyapa namba tu, 101 na 147. Kundi la 101 ni inzi wa kawaida, ukiwapiga joto mfumo wote unaitika kama nilivyoeleza. Kundi la 147 wana badiliko la jeni, unawapiga joto lile lile, mfumo wao wa homoni hauitiki kama wa wenzao. Homoni zao tayari ziko tofauti tangu siku ya amani, na ovari zao zikikutana na joto zinafanya mambo yake mengine. Kwa maana hiyo ule mgomo wa kutaga hautokani tu na joto kupika mayai. Joto ni lile lile kwa wote wawili, kama ni kupikwa wangepikika sawa. Kuna kitu mwilini kinachopokea taarifa na kufanya uamuzi, na kitu hicho kinaweza kuharibika kwenye jeni.

Na uamuzi wenyewe ukiufikiria kama mama inzi sio wa kijinga. Yai likitoka nje kwenye tunda lililochemka jua halina miguu, litakauka pale pale. Yeye ana mabawa, anaweza kungoja kivuli. Wale wa kwangu wa inkubeta, siku zilivyopita wakarudi kutaga, sio wote na sio kama zamani, lakini wakarudi. Siwezi kusema kila kitu pale ni mpango na hakuna madhara, kuna waliokufa kichupani. Ila mtu akiniandikia kwenye ripoti kwamba joto limeharibu uzazi, namuuliza limeharibu au limesimamisha, maana ni vitu viwili.

Kabla hamjaniuliza, hapana, msichukue haya mkaenda kumwambia dada yako asiyepata ujauzito kwamba ni bati la nyumba. Binadamu hana homoni ya utoto wala ekdisoni, mayai ya binadamu hayana hilo geti. Nimeshaulizwa hilo kwenye daladala.

Madume msifikiri mmepona. Dume wa inzi akikulia kwenye joto tangu yai, anatoka mzima, anaimba kwa bawa lake, anapanda jike, na hana kitu. Tasa. Wafaransa walilinganisha inzi wa kwao na inzi wa India, wa Ufaransa madume yanakua tasa kwenye nyuzi 30, wa India mpaka 31. Nyuzi moja tu, mtasema sio kitu, lakini kwa mdudu anayeishi ukingoni nyuzi moja ni mtaa mzima, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye kromosomu Y, inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Hii sio habari ya homoni nakiri, nimeiingiza kwa sababu naipenda.

Halafu kuna kitu kinanifurahisha kuhusu haka kainzi, wanakasomea Siberia, Naples, New York, na kwao ni huku. Asili yake ni Afrika, kusini ya kati huko Zambia na Zimbabwe, na mwaka 2018 watafiti walionesha kwamba wale wa porini Zimbabwe, kwenye mawe ya Matobo, wanafuata zaidi tunda la mng'ongo. Mng'ongo huu huu. Kwa hiyo kabla ya chupa na agari na juisi ya zabibu alikua anatagia matunda ya mng'ongo yaliyoanguka, na jiwe la Matobo mchana mnaweza kufikiria linavyowaka, kwa hiyo joto kwake sio mgeni aliyekuja na inkubeta.

Haya, muda umeisha, MC ananionesha saa. Vichupa viko hapa, hadubini iko pale dirishani, mzime flashi za simu maana mnawachanganya. Angalieni juu ya chakula, mayai ni meupe kama punje ndogo kuliko ya ufuta, kila moja lina vinyuzi viwili kama pembe. Mhesabu kichupa cha kwanza, mhesabu cha pili, mniandikie kwenye karatasi kipi kilikaa kwenye bakuli. Na atakayeniambia kwamba majike wa kile chenye mayai machache hawana mayai, huyo nitampa koleo ampasue mmoja mbele yetu.